Kompyuta ya Shangazi Ni Toleo Gani?

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ni mimi Kiherehere wako, mzima wa afya, na kazi ya kuzifufua kompyuta za hospitali bado haijaniua. Huku hatujambo. Naomba na magoti yako yawe yametulia, na wateja wasikome kuja kuchapiwa barua zao hapo chumba cha mbele.

Sasa jambo lenyewe. Kile kifaa cha sikio nilichokutumia, ambacho umeniandikia kwamba kinapiga mbinja na umekitupa kwenye droo pamoja na vifungo vya mashati, si kibovu. Hakijapangwa tu kulingana na masikio yako. Mtaalamu wa masikio hapa kwetu bado anavyo vipimo alivyokupima walipokuja huko kwenu kupima watu mwaka jana, na amenipa programu ya kukipanga. Unachomeka kifaa kwenye kompyuta kwa waya wake, programu inafanya kazi yenyewe, unakivaa, unasikia. Ila programu ziko mbili, moja ya mifumo ya zamani na moja ya mifumo mipya, na kibali cha kuitumia ni kimoja. Kikifunguliwa kwenye mfumo usio wake kimeungua, na hawatoi kingine. Chenyewe kinakufa mwisho wa Agosti.

Kwa hiyo nataka kitu kimoja tu. Kompyuta yako ina Windows toleo gani? Ni namba, Shangazi, hata mstari haijazi. Ukinijibu nitakutumia programu kwenye flashi, na tutaongea kwa simu kama watu wengine. Kuna jambo nataka kukuambia kwa mdomo.

Ni mimi mwanao,
Kiherehere

25 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananikumbusha kila asubuhi kwamba yapo. Jirani yangu fundi saa amenunua saa kubwa ya ukutani, ameitundika upande wa pili wa ukuta wangu. Watu wa mtaa wanasema inapiga kelele hadi kona ya duka la mkate. Mimi naisifia, kwa sababu naiona tu inavyong'aa. Mkeo hajambo? Mwambie lile gauni langu la bluu alishone kwa vipimo vilevile, sijanenepa wala sijakonda.

YAH: TOLEO LA KOMPYUTA

Nimepokea maelekezo yako na nimeyafanyia kazi. Nyuma ya kioo kuna namba yenye tarakimu nyingi, nimekuandikia pembeni. Chini ya kipanya kuna nyingine. Chini ya kibodi hakuna namba, kuna makombo ya biskuti, nimeyafuta. Ubavuni mwa boksi kuna kibandiko chenye rangi nne kinachosema 7, ingawa tarakimu imefutika kidogo na inaweza kuwa 1. Chagua unayoipenda.

Na hilo jambo la mdomo, kwani mkono umevunjika? Liandike.

Akupendaye,
Shangazi

14 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za saa, mpe pole fundi wako kwa malalamiko ya majirani. Huku wazima. Wiki hii nimepanda na kushuka ghorofa zote za hospitali kwa sababu kila wodi ina kompyuta inayodai imechoka, na kila muuguzi ananiambia, "Ilikuwa nzima hadi ulipoigusa." Gauni lisikutie wasiwasi.

Toleo, Shangazi, si kitambaa cha kuchagua unachokipenda. Namba ya kioo ni ya kioo. Namba ya kipanya ni ya kipanya. Kibandiko kinaeleza boksi lilinunuliwa na nini siku ya kwanza, hakielezi kilichomo leo. Ile ofisi iliyokuuzia ilikuwa ikibadilisha mifumo mara kwa mara. Kibandiko ni jina la mpangaji aliyehama ambalo bado liko mlangoni.

Fanya hivi. Kwenye kibodi, safu ya chini kushoto, kuna kitufe chenye alama ya dirisha. Kishikilie, na huku umekishikilia bonyeza herufi R. Kitatokea kijisanduku kidogo kinachokutaka uandike neno. Andika: winver. Bonyeza Enter. Utasoma jina la mfumo na toleo lake kwa herufi kubwa tu. Nakili, funga bahasha, tia stempu. Chai haitakuwa imepoa.

Kiherehere

9 Aprili

Kiherehere wangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa, posta wameifungua na kuifunga tena kwa gundi nyingi kama wanaziba bomba. Mimi sina baya, ila bati la jikoni limeanza kuvuja. Nalijua kwa kukanyaga maji, si kwa kusikia. Mkeo hujaniambia kama hajambo. Au kazi ya ushonaji imemzidi hata salamu hana nafasi? Mkono mtupu haulambwi, mwambie, lakini mimi nitamshukuru hata kabla gauni halijafika.

YAH: KIJISANDUKU

Kilitokea kama ulivyosema. Kikaniuliza nataka kufungua nini. Nikafikiri, huyu mtu ananitaka niandike neno la kigeni nisilolijua, na mimi katika kazi yangu sijawahi kuchapa neno nisilojua maana yake. Nikaandika Kiherehere. Ikajibu kwamba haikupati, nihakikishe nimeandika jina sawasawa. Nimelihakikisha. Ni sawasawa. Hata kompyuta imeshindwa kukupata, mwanangu.

Fundi saa akaja kunisaidia. Akasema chombo chochote kinajulikana kwa kufungua mgongo, ndivyo anavyojua umri wa saa. Akafungua boksi kwa bisibisi zake ndogo, akapuliza vumbi, akaweka kioo chake cha jicho, akanakili namba zote alizoziona humo ndani. Nakuambatanishia. Anasema moja kati ya hizo lazima itakuwa ndiyo.

Shangazi

26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Fundi saa asiguse tena boksi hilo! Toleo halijaandikwa kwenye chuma. Ni maandishi yaliyomo ndani ya mfumo, hata ukiikata kompyuta kwa msumeno hutalikuta. Na neno la kuandika kwenye kijisanduku nililikuandikia herufi kwa herufi. Nani alikuambia uandike jina langu?

Nieleze kitu. Wewe ndiye uliyekuwa ukichapa mihtasari ya vikao huku umeangalia dirishani. Wewe ndiye uliyenifundisha kuweka vidole kwenye kibodi kabla sijajua kufunga kamba za viatu, ukanipiga kwenzi kila nikitazama chini. Mtu huyo leo ameshindwa kuandika neno la herufi sita? Wagonjwa wanaotoka kwenye dawa ya usingizi wananielewa kuliko wewe.

Nimemwandikia fundi saa ujumbe kwenye simu uliyomgawia, ile uliyosema kitu kisichokuita hakina kazi kwako. Nimemwomba aende akusomee maneno yaliyo kwenye kioo. Amenijibu, "Mimi ni wa saa." Hiyo ndiyo sentensi nzima. Umemlisha nini mzee huyo?

Kama kijisanduku kimekushinda, zima kompyuta, iwashe, tazama maandishi yatakayotokea, andika yote unayoyaona. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako halijafa, Shangazi. Mtaalamu amesema litasikia. Linakungoja wewe.

Kiherehere

24 Mei

Kiherehere wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii ilikuwa na meno. Naona umeandika "hatujambo" ukaruka mstari, kama mtu anayelipa nauli bila kumtazama kondakta. Bati limezibwa. Mteja mmoja alikuja kuchapiwa barua ya kuacha kazi. Nilipofika katikati akaanza kulia, nikamwekea kiti, nikamsoma midomo yake polepole, tukamaliza na ikawa barua ya kuomba likizo. Mkeo hajambo?

YAH: KUFARIKI KWA KOMPYUTA

Nasikitika kukujulisha kwamba kompyuta imekata roho. Niliizima kama ulivyoagiza, na nilipoiwasha haikuwaka. Ni giza tupu. Fundi saa ameigonga ubavuni mara kadhaa bila mafanikio. Kwa hiyo suala la toleo tuliache kwanza, kwa kuwa marehemu haulizwi umri. Tuendelee kuandikiana kama kawaida. Niambie mnaishije, mnakula nini, jioni unafika nyumbani unafanya nini. Barua zako zimekuwa fupi.

Shangazi

8 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya msiba ninayo mbele yangu. Nimeisoma, nikaicheka, kisha nikaipiga meza hadi mwenzangu wa ofisini akauliza kama nimepigwa shoti.

Barua inayonitangazia kifo cha kompyuta imechapwa na kompyuta hiyohiyo! Herufi ni zilezile, na printa imepitisha ule mstari wake mwembamba wa kijivu pembeni kama inavyoupitisha kwenye kila barua yako. Taipureta uliiuza, mwenyewe uliniandikia, tena ukaniandikia kwamba umeilia. Marehemu kakuandikia tangazo lake mwenyewe, kaweka na kichwa cha habari, kapiga na mstari chini yake.

Nimechoka, Shangazi. Nasema wazi nimechoka na nimekasirika. Tangu Februari nakuomba namba moja. Mtaalamu wa masikio akiniona kwenye korido anapita njia nyingine kwa sababu nimemuomba asiifute nafasi yako mara nisizoweza kuhesabu. Kama hutaki kusikia, niambie hutaki. Nitaumia lakini nitaelewa. Usinipige chenga kwa makombo ya biskuti.

Nimekuambia kuna jambo nataka kukuambia kwa mdomo. Sina mwingine wa kumwambia. Wewe ndiye uliyenilea. Nataka kusema na mtu, nisikie anavuta pumzi upande wa pili. Toleo gani?

Kiherehere

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti hayajambo, saa haijambo. Mkeo sitamuuliza safari hii.

YAH: WINDOWS 10

Ndiyo hiyo. Toleo 22H2, na mbele yake kuna namba nyingine ambazo nimezichapa chini kabisa kwa faida ya wapenda namba. Nililiona siku ileile barua yako ya Machi ilipofika. Neno lako la herufi sita liliandikika bila hata kuvaa miwani. Jina lako nililiandika baadaye, kwa kutaka tu kuona itasema nini. Fundi saa hana kosa, nilimwambia atafute toleo humo ndani, na maskini akatafuta. Na nilimwambia ukimuuliza asikujibu.

Umeniuliza kama sitaki kusikia. Nataka. Nataka kusikia maji yanachemka kabla hayajamwagika, nataka kusikia mlango ukibishwa. Wateja wananishika bega kwa nyuma, roho inanitoka. Lakini nikukumbushe mambo yalivyokuwa nilipokuwa nikisikia. Ulikuwa unapiga simu Jumapili. "Shangazi, shikamoo, tuko salama, wewe je? Haya, nitakupigia." Maji ya kunywa yanachukua muda mrefu kuliko huo. Miaka yote ile sikujua hata rangi ya mapazia yenu. Masikio yalipokufa ndipo ukaanza kuniandikia kurasa nne nne. Nikajua bosi wako anavuta ugoro, nikajua unaogopa lifti, nikajua ulitaka kuwa mchoraji. Hayo hukuniambia kwa mdomo hata siku moja.

Basi nikaona nikikupa hiyo namba, nitapata sikio na nitakupoteza wewe. Nikawa nachelewesha. Sikufanya vizuri, na hasira zako nimezistahili. Tuma hiyo flashi.

Ila mdomo wako naujua, mwanangu. Mkono wako ukitaka kuficha unaruka mistari. Mdomo hauruki kitu, unasema tu kwamba mko salama.

Shangazi

15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sina maneno, ninayo ila hayafai kumwandikia mtu ninayemwamkia shikamoo. Tangu barua ya Machi!

Flashi imo ndani ya bahasha hii, nimeibandika kwenye kadi isipotee. Chomeka kifaa kwanza, flashi baadaye. Ukiulizwa swali lolote jibu ndiyo. Usimruhusu fundi saa asogee na bisibisi. Ukimaliza mwambie anitumie ujumbe kwa ile simu, halafu uishike wewe, nami nitapiga hapohapo.

Umeniambia niliandike hilo jambo. Nimejaribu. Nimechana karatasi nne. Likishaandikwa limekuwa kweli, na mimi bado nalizungukazunguka. Nitakuambia kwa simu, naahidi.

Kiherehere

6 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nasikia.

Nasikia hata ninavyochapa barua hii. Sikujua kibodi ina kelele hizi zote. Jokofu langu linakoroma. Viatu vyangu vina mlio mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto. Na ile saa ya jirani, Mungu anisamehe kwa kuisifia, inapiga kama sufuria zinazoanguka ngazini. Nimemwambia. Amenuna, lakini ameiwekea kitambaa ndani. Mtaalamu wako wa masikio mpe shukrani zangu, na wewe mwenyewe, kwa ukaidi wako, asante. Nimeandika asante na nimelia kidogo, tuendelee.

YAH: SIMU YAKO

Ulipiga kama ulivyoahidi. Nilisema haloo, nikakusikia unavuta pumzi. Sauti yako imekuwa nzito, imefanana na ya baba yako. Nikakuuliza, "Haya mwanangu, lile jambo?" Ukasema, "Aa, si kitu, Shangazi, tuko salama, nimefurahi tu kwamba unasikia. Nitakupigia Jumapili."

Nilikuambia kuhusu huo mdomo.

Lakini safari hii nilikuwa na sikio jipya, na sikuisikiliza midomo yako. Zamani kila ulipopiga, nyuma yako kulikuwa na cherehani ya mkeo. Inakimbia, inasimama, inakimbia. Nilikuwa nakasirika nayo, nasema mwambie apumzike tusikilizane. Juzi sikuisikia. Sauti yako ilikuwa inagonga kuta na kukurudia, kama mtu anayesema ndani ya chumba kilichohamishwa vitu.

Nimezitoa barua zako zote tangu Februari. Nimekuuliza habari zake mara nyingi. Hukumtaja hata mara moja, na gauni ukaniambia lisinitie wasiwasi. Mimi nimewachapia watu barua maisha yangu yote, nawajua wanaoruka.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Chukua kalamu.

Shangazi

20 Agosti

Shangazi,

YAH: MKE WANGU

Ameondoka. Ni tangu Januari, kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Aliita gari, wakabeba cherehani kwanza, kisha vitambaa, kisha kabati. Mimi niliwasaidia kushikilia mlango. Dereva aliniuliza kama tunahama, nikamwambia ndiyo.

Hakukuwa na ugomvi. Kuna siku alikaa hapo kwenye kiti akaniambia amechoka kuishi na mtu ambaye kila akiulizwa ana nini anajibu hana kitu. Nikamwambia sina kitu. Akacheka, halafu hakucheka tena. Kazini najua kukiuliza chombo kina nini kikanijibu. Yeye aliniuliza mimi miaka saba, nikawa kama wewe na makombo yako ya biskuti.

Gauni lako alilimaliza. Liko hapa, limekunjwa kwenye gazeti, ni la bluu kama ulivyotaka. Aliliacha juu ya meza na akaniambia, "Hili ni la Shangazi, usilicheleweshe." Nimelichelewesha kwa sababu nikilituma utauliza kwa nini hakuna barua yake ndani.

Jioni nikitoka kazini nakaa kwenye ngazi za nje hadi majirani waingie kwao. Nakula mkate. Nyumba ina mwangwi, uliusikia vizuri. Mapazia yalikuwa ya kijani, ameyachukua.

Sijui kama atarudi. Sijamwandikia. Nadhani nitamwandikia kesho, sasa kwa kuwa nimeona mkono haukuvunjika.

Nimeyaandika yote, Shangazi. Sasa nipigie, nitaweza kuyasema.

Mwanao